Tundu Aliloliziba Marwa

Kimara, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia uliipaka, au umeiweka kabatini pamoja na zile nyingine? Niambie pia kama mvua imefika huko Kerende na mahindi yamesimama, na kama yule ng'ombe mweusi bado anakataa kukamuliwa na mtu mwingine zaidi yako. Sisi huku tu wazima. Baba Nyangi bado analinda lile ghala, akirudi asubuhi analala mpaka jua linazunguka nyumba. Nyangi amenipita kwa urefu na anavaa viatu vyangu bila kuomba.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati kuna simu. Mama, simu yako anakaa nayo Marwa. Nimepiga wiki nzima, anapokea mkewe, Gati, ananiambia umekwenda shamba. Hata jua likishazama umekwenda shamba. Ndiyo maana nimempa barua hii jirani yetu, fundi magari, anayerudi kazini kwake Kewanja. Ameahidi kupita hapo nyumbani kwanza na kukukabidhi wewe mwenyewe mkononi. Vaa miwani, na uisome peke yako.

Nina hasira na mwanao. Nasema mapema ili usije ukaitafuta katikati ya salamu.

Unakumbuka Krismasi nilivyokuja na kale katangi kadogo ka samaki, ukacheka ukasema, "Bhoke, umesafiri kote huko kuniletea nyumba ya dagaa?" Nami nilicheka. Lakini ile ndiyo kazi inayonifanya niamke. Nilianza na mabaki ya akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, niliyokuwa naokota kwenye karakana ya mabango nilikokuwa nafanya usafi. Nikajifunza kuikata, kuikwangua ukingo kwa wembe mpaka unyooke, na kuiunga kwa gundi nyepesi kama maji. Ile gundi haipakwi kwa brashi. Unaivuta kwa bomba la sindano, unagusa ukingo, yenyewe inakimbia ndani ya maungio yote. Mara ya kwanza kuiona ikikimbia hivyo nilikaa chini. Nyumba yetu ikanuka gundi, baba Nyangi akanihamishia barazani na plastiki zangu, na hapo barazani nimetengeneza masanduku ya kuchujia maji ya watu wengi wanaofuga samaki wa mapambo.

Marwa alipochoka kuhangaika na mawe ya dhahabu ya Nyamongo akaja kwangu. Alilala sebuleni, alikula kwangu, na mimi ndiye niliyemshika mkono akakata kipande chake cha kwanza. Hakuwa mwepesi lakini alikuwa msikivu, nami nilifurahi kuwa na ndugu mezani. Tukapatana. Kuna mwenye nyumba ya wageni pale Bomani, Tarime mjini, alitaka tangi kubwa la samaki sehemu ya mapokezi. Marwa angekwenda kupima, mimi ningekuja kutengeneza, na baada ya hapo tungechukua chumba hapohapo Bomani kiwe karakana yetu. Mama, hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu ya kurudi nyumbani. Sikukuambia wakati ule kwa sababu nilitaka uone mlango umefunguliwa na jina langu liko juu yake.

Ndiyo sababu Krismasi niliacha lile boksi chini ya kitanda chako. Ndani mlikuwa na pateni zangu zote za kadibodi, kama zile za fundi cherehani, kila moja kipimo cha kipande chake. Marwa alikuja akakuambia mimi nimesema umpe. Sikusema. Ulimpa bila kuniuliza, na simu wakati huo ilikuwa bado kwako. Sikulaumu sana, Mama, ila kidogo nakulaumu. Ningekuwa mimi ndiye nimekuja kuchukua kitu cha Marwa, ungempigia.

Niliyajua yote kupitia kwa Robi, yule mtoto wa marehemu dada, ambaye anakaa mapokezi pale. Alinitumia video akiwa amefurahi kabisa, "Mama mdogo, ona kazi ya mjomba." Nikaona tangi limejaa maji, samaki wekundu wanazunguka, watu wanapiga picha, na chini yake sanduku langu la kuchujia, vipande vimekatwa kwa pateni zangu, limebandikwa karatasi inayosema MARWA AKWARIAMU. Nilimpigia palepale.

Nikamuuliza, "Mura, ndugu yangu, tulipatana nini?"

Akasema, "Dada, uko mbali. Mteja anataka fundi anayemwona kwa macho."

"Ulimwambia mimi ni nani?"

Akasema, "Nilimwambia kuna mtu Dar ananitumia vifaa. Sasa ningesemaje? Fundi ni mwanamke? Wangecheka."

Mtu ananitumia vifaa. Mama, nimetukanwa mara nyingi hapa mjini na watu nisiowajua, na sikuwahi kukosa chakula kwa sababu hiyo. Kwa hili la Marwa, sahani yangu nilimsogezea Nyangi. Tangu siku hiyo amefunga namba yangu, simu yangu haiingii kwake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, na hapa soma polepole. Kwenye ile video niliona kitu kingine. Maji ya tangi hushuka kwenye sanduku la chini, yanachujwa, halafu pampu inayapandisha tena juu kwa bomba. Kwenye bomba hilo, juu kabisa, karibu na uso wa maji, mimi hutoboa tundu dogo. Pampu ikifanya kazi, tundu hilo linarusha maji kidogo humohumo tangini, na asiyejua atadhani bomba linavuja. Lakini umeme ukikatika, tundu ndilo linaloingiza hewa na kuyasimamisha maji. Bila hilo tundu, maji yatageuka na kushuka kwa bomba lilelile, sanduku litajaa, yatamwagika sakafuni, na hayatasimama mpaka tangi liwe limekauka.

Kwenye tangi la Bomani lile tundu halirushi maji. Limezibwa. Robi ameniambia mjomba wake alilitoboa kama pateni yangu inavyoonyesha, kisha akaliona likirusha maji akasema, "Hapa Bhoke alikosea," akalifunga kwa gundi. Na nyaya za pampu zimelala sakafuni, soketi na kila kitu, karibu na kiti anachokaa Robi. Bado umeme haujakatika tangu walipojaza maji, la sivyo ungekwisha kusikia. Unaijua Tarime. Utakatika, halafu utarudi, na utarudi ukute sakafu imejaa maji na mtoto wa dada yangu amevaa ndala.

Nimemwambia Robi ainue zile nyaya. Aliziinua juu ya stuli, mjomba wake akaja akazishusha, akasema zinaharibu sura ya kazi na mtu yeyote asiguse tena. Nimemwambia Gati kwenye simu, neno kwa neno kama nilivyokuandikia. Akaenda, akarudi akasema, "Wifi, Marwa anasema ni wivu." Gati alisema kwa sauti ya chini, nadhani hata yeye aliona aibu.

Sikufichi, nilikaa siku nzima barazani nikiwaza kunyamaza. Acha limwagike. Acha tajiri wake na wapiga picha wote wasimame ndani ya maji waulize fundi ni nani. Niliifurahia picha hiyo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mtu anayesali. Lakini kila nilipoiwaza, Robi alikuwa amesimama katikati yake.

Kwa hiyo nakutuma, Mama. Wewe unakumbuka kuwa Marwa aliozwa mke kwa ng'ombe wa mahari yangu. Siku ng'ombe wale walipotolewa zizini kwenda kwa kina Gati, baba, Mungu amrehemu, alimsimamisha Marwa mbele ya ukoo akamwambia, "Siku Bhoke akikuomba jambo, humkatalii." Watu wakacheka kwa sababu aliongeza, "Jambo moja, asije akakugeuza wewe ndiye ng'ombe." Marwa aliitikia, na wote waliokuwepo walisikia.

Sijawahi kuliomba hilo jambo. Alipojenga hakuniwekea hata kona ya kulala, nikanyamaza. Nilikuwa nimelitunza. Wiki hii nilikuwa nimeshalipanga: nilitaka kumwomba chumba cha Bomani, ile karatasi itoke na jina langu liandikwe mlangoni, mbele ya haohao anaoogopa watamcheka. Ningekupigia uwaite wazee, na asingeweza kukataa.

Sasa waite, lakini usiombe chumba. Mwambie Marwa kuwa Bhoke ameomba jambo lake, nalo ni tundu. Atoboe bomba leo hiyohiyo, na nyaya ziinuliwe kutoka sakafuni. Nenda naye Bomani. Simama pale mpaka uone kwa macho yako maji yanaruka ndani ya tangi. Akishatoboa, mimi sina tena la kumwomba Marwa, na yeye anajua, na atalala vizuri. Mimi nitabaki huku. Usiniandalie kile chumba cha nyuma.

Pateni zangu usimdai, nitakata nyingine.

Nisalimie baba mdogo na umwambie hayo mazungumzo yafanyike mbele yake. Nisalimie jirani yako anayekusagia unga, na mwalimu wa kwaya. Gati naye msalimie, hana kosa kubwa. Robi mwambie avae viatu. Marwa nisalimie ukishaona tundu linarusha maji, si kabla.

Na mwenye nyumba ya wageni akikuuliza nani amekutuma uje kukagua tangi lake, usimwambie ni mtu wa vifaa.

Ni mimi mwanao,
Bhoke, fundi