Nyumba Nyeupe ya Ufukweni

Jumatatu, 2 Julai 1956

Wenceslaus wangu,

Usicheke. Natafuta nyumba ya kupumzikia Unguja, nchi ya Sultani! Mimi, ambaye safari yangu ndefu kuliko zote iliishia Kaliua. Dionis, mume wangu tangu Pasaka — unamjua, gadi wa reli, alibeba jeneza lako upande wa kushoto — amepata likizo na pasi ya treni ya watu wawili. Karani mmoja Mgoa amempa picha za nyumba mbili za ndugu zake huko. Dionis kaziweka mezani: "Chagua wewe, Veneranda." Akatoka kumwagilia mchicha, kama mtu aliyeuliza habari ya chumvi.

Picha ya kwanza: mjini, chumba juu ya duka, madirisha ya majirani yanatazamana. Ya pili: nyumba nyeupe, baraza, mchanga, maji. Hakuna mtu. Nimeitazama sana. Asubuhi unamwamkia nani?

Alhamisi, 5 Julai

Bado ile ya pili. Babu alibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, akarudi na neno moja tu juu ya bahari: haina ng'ambo. Utotoni nilidhani anaisema vibaya.

Nimemuuliza Dionis, watu wawili mchana kutwa hufanya nini? Akafikiri. "Sijui. Ndiyo maana nataka twende." Jibu zuri. Limenitisha.

Mimi na wewe tulikuwa peke yetu lini? Kijijini Ntalikwa nyumba ilijaa — mama yako, shangazi zako, wageni wa Nzega. Nakumbuka mvua ile ya Kaliua tu, chini ya bati la ghala. Ulinimenyea karanga, ukasahau kula. Basi.

Jumapili, 8 Julai

Nimechagua. Nyeupe! Dionis amekwenda jikoni akicheka peke yake.

Alasiri nikaharibu. Alipita Mwanne na vitumbua vyake. Mzigua yule, mtani wetu, aliyelala mbele ya jeneza lako akidai jogoo ndipo uzikwe. (Nililia na kucheka kwa pamoja.) Nikamweleza safari. Mdomo ukamalizia wenyewe: "Karibu twende." Nani hasemi karibu? Mtu hujibu ahsante, yakaisha.

Mwanne akatua kapu. "Nimekaribia! Babu zenu Wanyamwezi walipita kwetu na mizigo yao, wakala mihogo yetu bure. Sasa zamu yangu kula bure safarini mwenu!"

Na mtani hanyimwi.

Jumatano, 11 Julai

Dionis anasema anatania tu. Nikamwambia nimemwona sokoni akichagua mkeka mpya. Akarudi kwenye mchicha wake. Baadaye, taratibu: "Ulimkaribisha kwa adabu, au kwa hofu ya kubaki na mimi?"

Nimenyoosha shati lake, nikalinyoosha tena.

Ni yote mawili. Naandika hapa tu. Lakini leo, nikitazama picha, nimejiona nikiandaa vikombe viwili barazani. Cha tatu nimeshindwa kukiweka.

Jumamosi, 14 Julai

Ndani ya treni, bado stesheni ya Tabora. Mwanne kaja! Kanga mpya, mkeka, kapu. Kaketi katikati yetu. "Sogea, bwana harusi mzee, miguu inanuka reli!" Abiria hoi kwa kicheko. Dionis naye anacheka, kwa meno tu.

Nikauliza: dada Mwanne, tikiti unayo? Akasema tikiti ya mtani ni ulimi wake. Basi anatania! Au? Firimbi imelia mara ya kwanza. Hajanyanyuka.

Nikamwinamia sikioni. "Mtani, shuka. Nataka kwenda na mume wangu." Neno hilo, "mume wangu", tangu uondoke, sijalitoa mdomoni kwa mwingine. Nimelinong'ona.

Kicheko kikamwisha usoni. Kisha, kwa sauti ya sokoni: "Sijasikia! Anayetaka nishuke aseme, behewa zima lisikie. La sivyo nakunjua mkeka wangu hapa hapa, mpaka Unguja."

Wote wananitazama. Nimeinamia daftari, kama natafuta kitu. Dionis anangoja, mikono magotini. Gadi wa leo ameshika bendera.

Nafunga daftari sasa. Nitasimama, nitasema. Huko uliko, Wenceslaus, nawe unikumbuke.