Mbabula Chumbani

Lwiro, Jumamosi jioni

Watoto wametutuma mimi na mke wangu tupumzike siku mbili katika hoteli hii ya mlimani, na leo nusura nimpoteze.

Baridi ilipozidi, aliingiza mbabula, jiko la makaa, chumbani, akafunga dirisha. Nilimweleza kwamba hewa ya makaa haina harufu, lakini inaua.

"Papa Furaha, hapa haiko darasa. Miye nasikia baridi!"

Nilikasirika, nikaenda kutembea. Niliporudi nilimkuta ameanguka sakafuni. Nikamburuta hadi barazani, nikamwita mpaka akafumbua macho.

Sasa amekaa kando yangu, ameshika kichwa. "Unisamehe, papa. Sikukusikiliza."

Hajaniuliza kwa nini mimi, mwalimu wa kemia, niliondoka nikaacha dirisha limefungwa.