Mtungi wa Mwende na Pasi za Kiboko

Jumatatu, 2 Februari 1987

Maji bado. Mtungi wangu uko katikati ya laini kwenye bomba la stesheni, nimeuacha pale nikarudi kwenye cherehani. Nikichungulia mlangoni nauona: wa manjano, umeandikwa MWENDE, jina la binti yangu, kwa rangi nyekundu. Hakuna atakayeuruka. Hapa Emali mtu anaweza kukuibia kuku, lakini mtungi wa mwenzake haruki.

Nimekunja pindo za sare tangu asubuhi. Shule zilifunguliwa zamani na bado kuna wazazi wanaoleta kitambaa leo wakitaka gauni kesho. Nimewaambia Ijumaa. Wamenuna. Wanune.

Mchana Beth amepita na habari. Beth ni jirani yangu, tunaimba kwaya moja. Dada yake anakaa Kiboko, karibu na ile bustani ya starehe, na ameona tangazo ukutani. Jumamosi wanauza pasi za mwaka. Chache tu, kama mwaka jana. Bembea na gari moshi la watoto mtu yeyote anaingia siku yoyote kwa tiketi. Bwawa la kuogelea ni la wenye pasi peke yao.

Mimi bembea siitaki. Nataka bwawa. Daktari wa mazoezi alisema wazi: polio iliuacha mguu wa kushoto wa Mwende mwembamba, lakini haikuuua. Atembee ndani ya maji, apige maji, kila wiki, kabla hajakua sana. Ana miaka tisa. Na bwawa lingine la kuogelea huku kwetu mimi silijui. Mwaka jana pasi ziliisha kabla sijasikia kwamba zipo. Zilichukuliwa na watu wa Nairobi, wanaokuja mara mbili tatu kwa mwaka, wakipita kwenda Mombasa. Mwaka huu haziishi bila mimi.

Jumatano, 4 Februari

Mazoezi ndani ya karai. Maji yanaishia chini ya goti. Mwende anaona ni mchezo, ananimwagia, anacheka. Mimi sikucheka. Ni kama kumfundisha mtu baiskeli akiwa kitandani.

Kisha akanieleza, hivi hivi tu, kama mtu anayesema leo tumekula maharagwe, kwamba kazi yake wakati wa michezo ni kulinda sweta za wenzake. Mwalimu anamkalisha juu ya jiwe na sweta zote mapajani. Tangu mwaka uanze. Niling'ata uzi mpaka jino likauma. Kesho naenda shuleni. Hapana, nitaenda nikishapoa.

Kuna kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye kaptura za michezo za wasichana. Nimemshonea nguo ya kuogelea. Nguo ya namna hiyo niliiona mara moja tu, gazetini, kwa hiyo nimekisia. Mabega yamekaa vizuri. Nimeificha chini ya mashine.

Ijumaa, 6 Februari

Kiboko, kwa dada ya Beth. Tumekuja leo ili tuwahi kesho. Nimebeba mtungi mtupu. Beth amenicheka njia nzima. Mwende hataki kula, anauliza kama maji ya bwawa ni baridi. Nitajuaje?

Jumamosi, 7 Februari

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Tulifika alfajiri. Tulikuwa wa kwanza. Niliweka mtungi chini ya dirisha la tiketi. Wakaja akina mama watatu wa hapo Kiboko, wakapanga vyombo vyao nyuma ya changu: mmoja mtungi, mmoja ndoo, mmoja kiondo chenye jiwe ndani kisipeperuke. Tukasalimiana, tukavuka barabara tukakae kivulini, maana jua la Kiboko halina adabu na Mwende hawezi kusimama muda mrefu. Hakuna aliyejiuliza mara mbili. Ndivyo tunavyopanga laini tangu tuzaliwe. Kwenye bomba, kwenye kisima, kwenye kinu cha kusaga mahindi. Chombo kikikaa, mtu amekaa.

Yakaja magari. Watu wakashuka, wakajinyoosha, wakaenda kusimama mbele ya mtungi wangu. Mbele! Bwana mmoja wa miwani myeusi akaona umekaa pazuri, akaukalia. Akaukalia, mtungi wa mtoto wangu, akafunga kamba za viatu.

Tulitaka kukimbia lakini malori yalikuwa yamefuatana, na Mwende hakimbii. Tulipofika, dirisha lilikuwa limefunguliwa na watu wanasukumana. Nikapaza sauti. Meneja akatoka, na tai shingoni kwa joto lile.

"Madam, hii ni laini ya watu. Si ya mitungi."

"Kila mtungi hapa iko na mwenyewe! Sisi tumefika kama hao bado wamelala!"

"Kama mmefika, mngesimama."

Akamwambia askari aondoe takataka. Ndiyo neno alilotumia. Askari anaitwa Kioko, ni mzee wa hapa hapa. Hakututazama usoni. Alivibeba vyombo kimoja kimoja, akavipanga kando ya ua, wangu mbele, kiondo nyuma, kama vilivyokuwa. Hiyo tu ndiyo heshima niliyoipata leo.

Tulirudi nyuma kabisa. Nilisimama na Mwende mgongoni, mtoto wa miaka tisa, miguu yake ikining'inia. Pasi za siku hiyo zikaisha. Bwana wa miwani alipata. Zilizobaki zitauzwa tarehe 21, na mwisho.

Mwende akauliza kama tunaweza kuchungulia bwawa, kuchungulia tu. Nikamwambia hapana kwa sauti mbaya. Akalia. Si kwa sababu ya bwawa, kwa sababu ya sauti yangu. Hilo nalo ninawadai.

Jumapili, 8 Februari

Mhubiri amefundisha juu ya kusamehe. Beth alinipiga kiwiko. Wimbo wa mwisho nilisimama bila kuimba.

Siwasamehe. Bado.

Alhamisi, 12 Februari

Beth anasema nimewachosha wateja. Kila anayekuja kupimwa kiuno anaondoka na habari ya mtungi. Labda ni kweli. Leo mama mmoja aliniambia polepole, huku nimeshika tepu, kwamba huko si bomba, mambo ya huko yana utaratibu wake. Nikamwambia nao wangeweka ubao useme hivyo. Nikambana tepu kidogo.

Lakini nimejikasirikia pia. Ningesimama. Ningemwacha Mwende na Beth kivulini nikasimama mwenyewe kama mlingoti. Niliamini mtungi kwa sababu hapa mtungi unaaminika. Sikufikiria kwamba kuna watu wanaweza kuuangalia wakaona kiti.

Tarehe 21 nitasimama.

Shuleni nimeenda. Mwalimu wa michezo amesema alikuwa anamhurumia mtoto. Nimemwambia amhurumie kwa kumpa mpira.

Jumatano, 18 Februari

Leo sasa.

Tulikuwa kwenye bomba, mimi na Mwende na nusu ya Emali. Maji yanatoka kama machozi ya mamba. Gari dogo jeupe likasimama kando ya barabara, boneti inafuka moshi. Akashuka mtu wa tai. Nilimjua kabla hajageuka. Meneja! Jasho mpaka kwenye mkanda. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye bomba, mikono mitupu, akataka maji ya rejeta.

"Laini ni hiyo, mzee," akina mama wakamwambia.

Akatafuta mwisho wa laini. Hakuona mtu amesimama. Aliona mitungi. Akasimama kando ya wa mwisho, mtu mzima, peke yake, juani, sisi wote tumekaa kwenye kivuli cha ukuta tunamtazama. Nilingoja. Nilikuwa nimeyaweka maneno hayo mdomoni siku nyingi.

"Bwana Meneja," nikamwita. "Hii ni laini ya mitungi. Si ya watu."

Walicheka mpaka mwenye bomba akafunga maji. Meneja alinitazama. Alinikumbuka, niliona. Alitoa leso akajifuta shingo, akaendelea kusimama. Nilisikia utamu. Nakiri, nilisikia utamu kabisa.

Kisha Mwende akainuka. Mtungi wetu ndio uliokuwa unafuata. Akachechemea mpaka bombani, akaujaza, na badala ya kuniita nije niubebe akamwambia yule mtu, "Chukua hii."

Mtoto wangu! Sikumtuma. Sikumfundisha. Meneja akauangalia mguu, akauangalia mtungi. Akasema asante. Alimwaga nusu kwenye rejeta, ile nusu nyingine akaifungia na mtungi kwenye buti la gari, eti likichemka tena njiani. "Nitarudisha," akasema. Akaenda zake. Na mtungi wangu!

Nimemgombeza Mwende mpaka nyumbani. Nimemuuliza alikuwa anafikiria nini.

"Mwaitu," ameniambia, ndiyo mama kwa Kikamba chetu, ananiita hivyo akitaka nitulie, "alikuwa anaumwa na jua."

Tunapikia maji ya kuazima. Nafasi wamechukua, sasa na mtungi.

Ijumaa, 20 Februari

Kiboko tena. Mikono mitupu. Kesho nasimama.

Jumamosi, 21 Februari

Tulitoka giza halijaisha vizuri na bado tulikuta magari mawili. Nao wamejifunza kulala Kiboko. Nikamkabidhi Beth mtoto, nikajitayarisha kugombana.

Lakini wale watu hawakuwa dirishani. Walikuwa wamesimama hatua kadhaa nyuma, wananung'unika. Chini ya dirisha, mahali pa kwanza, ulikuwa mtungi wa manjano. MWENDE, kwa rangi nyekundu. Kando yake Mzee Kioko na rungu.

Meneja alikuwa amempa Kioko mtungi Alhamisi: mwenyewe ni mama wa Emali, akija mpe. Basi. Hakusema zaidi, wala sidhani alifikiria zaidi. Jana jioni, baada ya kufunga, Kioko akautoa ofisini akauweka dirishani.

"Huyu amelala hapa," akawaambia watu wa magari. "Nyinyi mmefika saa hii."

Mama mmoja mwenye kofia akasema huo ni upuuzi, aitwe mkubwa. Mkubwa akaitwa. Akaja anafunga tai. Akautazama mtungi. Akamtazama Mwende, ambaye alikuwa anampungia mkono, mtoto huyu, kama mtu na mjomba wake. Akanitazama mimi. Sikumsaidia hata kwa kope.

"Ni wa kwanza," akasema. Akaingia ndani. Dirisha likafunguka.

Ninayo. Iko hapa mezani, kadi ya bluu, mzazi na mtoto, kuanzia Machi mpaka Machi. Mwende ameishika mpaka pembe zimelainika.

Meneja sikumshukuru. Nilimuuliza habari ya wale akina mama watatu wa siku ile, waliokuwa wamesimama nyuma ya watu wa magari, kama na wao walilala hapo ama hawakulala. Akasema kila mtu kwa zamu yake, madam. Mama wa mtungi alipata, wa ndoo alipata. Wa kiondo alifika dirishani likafungwa usoni pake. Alisimama kidogo, akageuka, akaenda na njia ya mtoni. Sikumuuliza alitaka pasi ya nini. Nilikuwa nimeshika yangu.

Kioko nilimpa mkono, mikono yote miwili. Alicheka tu. Akaniambia rangi ya hilo jina imeanza kutoka, niipake tena.

Kwa hiyo nimefurahi na nimekasirika, na yote mawili hayataki kukaa kwenye kiti kimoja. Yule mama alifika alfajiri, siku zote mbili.

Jumamosi, 7 Machi

Maji ya bwawa si baridi.

Watoto wengine walikuwa na maboya ya rangi, mengine yenye shingo za bata. Mwende alikuja na mtungi. Tulifunga kifuniko kwa nailoni kisiingize maji. Yule bwana wa miwani alikuwepo na watoto wake. Alitazama, sijui kama aliukumbuka. Sikuwa na nafasi ya kumjali, nilikuwa naogopa. Sijawahi kuingia kwenye maji yanayopita kiuno. Niliingia na gauni langu.

Mwende alilala kifudifudi juu ya mtungi, nguo ya kijani imemkaa vizuri mabegani. Mimi nilishika mkono wa mtungi nikawa namvuta ukingoni. Mguu wa kulia ulipiga maji tangu mwanzo. Wa kushoto ulifuata nyuma tu, umelegea. Tukaenda, tukarudi. Tukaenda. Kisha niliona unasogea. Kidogo. Nikadhani ni mawimbi ya watoto wengine, nikangoja mpaka wakapita. Ukasogea tena.

"Mwaitu, achilia," akasema.

Nilichelewa kidogo. Kisha nikaachilia.

Alivuka mpaka ng'ambo. Si mbali, chumba kama hiki mara mbili. Nililiona jina lake jekundu likienda, nilipaka rangi mpya Alhamisi.

Nimemwambia dada ya Beth amtafute yule mama wa kiondo. Pasi inasema mzazi na mtoto. Haisemi mzazi gani wala mtoto gani, na Kioko ndiye anayekaa getini.

Nguo iko kwenye kamba. Mtungi unanuka dawa ya bwawa, nimeusuuza mara mbili. Jumatatu asubuhi tutauweka kwenye laini.