Trekta Tuliyoisingizia

Jumanne, 1 Machi 2005. Kitale

Saa moja asubuhi na bado sijavaa viatu. Mgongo umekaza tena. Nizunguke nyumba weee ndipo unalegea! Wenzangu wakilala wanapumzika, mimi nikilala ndio naharibika. Hesbon anasema ni cherehani — ati miaka sita ya kuinamia sare za shule, nani hangeumia? Nimemwitikia. Mchumba mzuri, ananitafutia sababu.

Lakini mimi ni fundi, migongo naijua. Leo nimekata kitambaa cha koti la Baba, la kuvaa siku ya wageni, watu wa kwao Hesbon wakija kuniposa.

Alhamisi, 17 Machi

Nimeenda kwa daktari, anaitwa Chepchumba. Mpole, lakini maswali! Ilianza ukiwa na miaka mingapi? Ukitembea inapungua? Macho yamewahi kuwa mekundu na kuuma? Nani mwingine kwenu? Nikasema ni Baba tu, na yeye aliangushwa na trekta ya miwa Kabuchai, 1979. Ilinitoka kama sala ya kanisani. Akaandika. Halafu akauliza, na babu yako?

Babu alikufa amepinda mgongo, akitazama ardhi. Yeye trekta ilimkuta wapi? Siku zake kulikuwa na ng'ombe wa kulima tu!

Nimepigwa eksrei. Damu imepelekwa Nairobi.

Jumapili, 20 Machi. Kabuchai

Nimempima Baba. Tangu koti la mwisho, mgongo umeongezeka inchi mbili, kifua kimepungua moja na nusu. Akitaka kunitazama anageuka mwili mzima. Nilimuuliza kuhusu trekta, polepole, pini zikiwa mdomoni.

Akasema: "Babangu, watu walisema amelaaniwa, ati alisongeza mpaka wa shamba. Dadangu wawili wakazeekea hapa, hakuna mtu alitaka kuoa kwetu. Nikaona heri trekta. Trekta haina ukoo." Akaniagiza, na mimi nikiulizwa habari zake, niseme hivyo hivyo.

Mama naye hata hakuinua macho kutoka kwa mboga. "Wageni tutawaambia waje saa nane mchana. Saa hiyo mtakuwa mmelegea nyote wawili."

Nyote wawili! Kumbe amejua siku zote. Nimekasirika mpaka nimejidunga sindano.

Jumatano, 6 Aprili. Kitale

Majibu yamerudi. Ninayo. Inaitwa HLA-B27 — jeni, kitu cha kurithi. Daktari anasema wengi wanayo na hawaugui hata siku moja, peke yake haitoshi. Lakini eksrei yangu inaonyesha viungo vya chini ya uti wa mgongo vimeshaanza kuharibika. Kuna dawa. Kuna mazoezi. Baba pia aje aonekane. Na watoto? Kila mtoto ni nusu kwa nusu kuirithi, kuugua ni jambo lingine.

Nikauliza, kwa hivyo si laana? Akasema hapana, si laana.

Ningefurahi. Lakini laana ungeombewa Jumapili, ikaisha. Hii utaitoa wapi? Naogopa. Nikisema ukweli, Hesbon anaweza kuondoka, na Baba anaitwa mwongo mbele ya wakwe. Nikinyamaza, namficha Hesbon mambo ya watoto wake mwenyewe.

Nimempigia simu. Ikaita mara mbili. Nikakata.

Jumamosi, 9 Aprili. Kabuchai

Wamekuja saa moja asubuhi!! Senge yake Hesbon, yaani dada ya babake, Nakhumicha, ametoka Tongaren na giza. Mlangoni akasema boma unalikagua kabla halijafagiwa. Ndivyo masenge wa kwao hufanya wakitaka kujua msichana anatoka wapi. Hesbon nyuma yake, macho kwa viatu.

Mama akaniita ninawishe wageni mikono. Niliinuka — mikono kwa magoti, nusu, pumua, tena. Nikafika na jagi na beseni. Kuinama nikashindwa. Maji yakamwagikia Senge mapajani. Baba akaona aibu, akainuka kusaidia. Mikono kwa magoti. Nusu. Pumua. Tena.

Senge akamtazama yeye. Akanitazama mimi. Koti limemkaa Baba vizuri sana na halijasaidia chochote.

"Mzee tuliambiwa ni trekta," akasema, bila ubaya. "Na huyu mtoto? Pia yeye ni trekta?"

"Ni cherehani," Baba akasema haraka.

"Eeh Senge, ni cherehani," Hesbon naye. Maskini, yeye anaamini.

"Si nimeuliza yeye," Senge akasema.

Nikasema ngoja nilete leso, nikupanguse. Sasa niko chumbani. Naandika nikiwa nimesimama, nikikaa sitainuka. Mlango ni mmoja na unatokea palepale sebuleni. Baba amekohoa — kile kikohozi cha kunikumbusha alivyoniagiza. Hesbon anauliza kama leso imepatikana.

Leso ninayo mkononi. Karatasi ya majibu ya Nairobi pia.