Kadi ya Msikilizaji

4 Machi

Baba, shikamoo. Mimi mzima, ila mafua hayanibanduki. Mgongo wako vipi?

Kazini nimekabidhiwa kipindi changu mwenyewe cha podikasti, vile vya kusikiliza kwenye simu. Ni cha mafundi wa kuchomelea vyuma waliovuka miaka hamsini, tuwashawishi wakapime macho. Wewe uko humo miaka thelathini, nimuulize nani mwingine? Nimekufungia mpango wote. Usome, halafu uniambie bila kunionea haya: mafundi watasikiliza, au watazima?

Mwanao

9 Machi

Baba, shikamoo tena. Mgongo haujambo?

Kwa makosa nimekutumia ukurasa usiokuhusu, ule wa mwisho. Ni kadi ya msikilizaji. Hapa kazini tunambuni mtu mmoja, ili tujue tunaongea na nani. Kama hujafika huko, uchane tu. Tafadhali baba. Si wewe yule.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu, marahaba. Mgongo upo, unanung'unika kama mwenye nyumba. Pole na mafua.

Barua zako zilifika siku moja. Bahati mbaya, ile ya kusema nichane ndiyo ilifunguliwa mwisho. Kadi yako ilisomwa kwa sauti karakanani, mafundi wote wamekaa: "Fundi, miaka hamsini na saba. Darasa la nne. Mbishi. Macho mabovu lakini anaficha. Akipewa karatasi husingizia mwanga hafifu. Watoto wake humwonea haya akija kazini kwao na shati la matundu ya cheche."

Walicheka sana kwenye ubishi. Kwenye shati kila mtu akatazama lake. Nikasema huyo mtu simjui.

Kuhusu kipindi, sina neno.

Baba yako

27 Machi

Baba, shikamoo. Sijui hata kama nina haki ya kukuuliza hali.

Sina pa kuuweka uso wangu. Siku ile ulipokuja ofisini, nilimwambia bosi wewe ni fundi wa geti. Ulinisikia, baba, najua ulinisikia, maana ulitoka ukalifungua geti, ukalifunga, ukasema liko sawa, ukaenda zako. Mimi nikarudi kwenye kiti changu nikaendelea na kazi. Mtoto gani huyo?

Nitamwambia bosi ampe mwingine kipindi. Nikemee utakavyo, ila usinyamaze.

Mwanao

4 Aprili

Marahaba, mama. Hali ni nzuri, na haki ya kuniuliza unayo.

Usikiache kipindi. Ila kadi yako ina kosa. Darasa la nne sikufika, hata muhula mmoja sikumaliza. Sijui kusoma, mwanangu. Ripoti zako za shule nilikuwa namtazama marehemu mama yako usoni akizisoma, nijue nicheke au nigombe. Tangu aondoke, barua zako ananisomea mama wa cherehani, jirani wa karakana, na hizi zangu anaziandika yeye. Ndiyo maana kadi ilisikiwa na kila mtu.

Jicho la kulia kweli lina ukungu, mwaka wa pili huu. Siendi hospitali kwa sababu wanakusimamisha mbele ya ubao wa herufi, na foleni nzima nyuma inasikiliza. Tuko wengi tusioenda kwa hilo. Si ubishi. Ni aibu. Liandike hilo kwenye kadi.

Mama wa cherehani anasema tumalize, ana gauni la watu.

Baba yako

11 Aprili

Baba, shikamoo. Mama wa cherehani, shikamoo na wewe, na pole kwa kazi tunayokupa.

Nimeuliza hospitali. Upo ubao wa alama tupu. Unaonyesha kwa mkono tu alama inaelekea wapi, juu, chini, kulia au kushoto. Hakuna kusoma. Kipindi kitaanza na hilo, kabla hata ya salamu.

Jumamosi nakuja twende wote, na kwenye foleni nitakaa nyuma yako mimi.

Mengine siyaandiki. Msamaha wangu nataka uusikie kwa sauti yangu, kwa hiyo mama wa cherehani, hapa ukunje karatasi.

Mwanao