Saladi ya Wakwe

Ganjoni, Mombasa
Jumatano

Baba yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, nikitumai kifua kimekuachia na unalala vizuri hapo Kaloleni. Mpe pole kaka Tsuma kwa mguu wake. Mimi mwili ni mzima, ila tangu Jumapili situlii. Nikiketi nasimama, nikisimama naenda dirishani. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningenyamaza kama kawaida yangu.

Wageni walifika. Walikuja Mama Samuel na wifi yake, shangazi Mejumaa, kuona mchumba wa mtoto wao anaishi vipi. Wale majogoo wawili uliowatuma wapikwe siku hiyo walifika salama pia.

Sasa nisikilize, usikasirike kwanza. Mezani niliweka saladi, ile tunayowaandalia watalii hotelini Mji wa Kale kabla ya chakula chenyewe, aliyonifunza mpishi wetu mkuu, Zein. Niliyakausha majani kwa kitambaa, moja moja. Nikapanga parachichi na tango, nikamwagia ndimu na asali, nikanyunyiza korosho za kukaanga. Nikakata mkate wa boflo vipande vyembamba, nikaweka jibini juu na kuvichoma mpaka jibini likatokota na kingo zikawa kahawia. Zein hawezi kuona sahani imepangwa ovyo, na ugonjwa huo ameniambukiza.

Shangazi Mejumaa aliitazama sahani yake, akauliza nyama inakuja saa ngapi. Nikamwambia chakula ni hicho. Akasema yeye hakuvuka daraja la Makupa kuja kulishwa kama sungura. Papo hapo, Baba, jogoo wako mmoja akawika jikoni. Hakuna aliyecheka. Mkwe ananyimwa kuku, na kuku yumo humo humo ndani anawika. Nilitamani sakafu inimeze.

Mama Samuel alikula. Akamsogezea wifi yake tosti, naye akala huku amenuna, kisha akaomba nyingine akiwa bado amenuna. Mimi nangoja wainuke waende zao kwa hasira, wao wanakomba sahani.

Halafu Mama Samuel akasema atanisaidia vyombo. Jikoni akawaona majogoo wamefungwa miguu chini ya sinki, jiko baridi, hakuna hata sufuria ya wali. Akaurudisha mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ule ni ubahili au sitaki kuolewa na mwanawe. Machozi yalinitoka kabla ya jibu.

Ndiyo, Baba. Sikusahau, wala sikukosa muda wa kupika. Niliwanyima makusudi, wakasirike, wavunje posa wao wenyewe, ili nisiwe mimi wa kukwambia sitaki. Hata hapo sikuweza kuwapikia vibaya. Samuel ni mtu mwema, hanywi, kazi yake bandarini anaifanya vizuri, na hakuna mwanamume mwingine. Simpendi tu. Nikifikiria kuishi naye nakosa pumzi. Nawe siku ile ya barua ya posa ulifurahi hata ukaimba, na mimi nikashindwa kukuharibia.

Mama Samuel alisema mwanawe si mtu wa kupewa habari kwa sahani. Aliniagiza nimwambie kwa mdomo wangu, akaahidi kwamba yeye atanyamaza mpaka hapo. Aliporudi sebuleni alimwambia wifi yake kuku wataliwa siku nyingine, wakaaga.

Jana jioni nilimfuata Samuel huko bandarini Mbaraki, anakotoka kazini, nikamwambia yote. Akanishukuru, na shukrani hiyo iliniuma kuliko matusi. Akaniuliza kama baba yangu anajua. Nikaja nyumbani moja kwa moja, na leo alfajiri nikatafuta kalamu.

Nitakuja Jumamosi. Nigombeze upendavyo, hata majirani wakisikia. Nitakaa nikusikilize mpaka umalize. Ila ukishamaliza, Baba, usiniulize nitabadili mawazo lini.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na usiache kunywa dawa ya kifua.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Dama