Kulungu na Baba Neema

Jumanne, 10 Novemba 1998

Sokoni Liuhua tangu asubuhi. Blauzi na soksi za watoto, basi. Mchana Kangle, mtaa wa mafundi cherehani, kwa laoban Liang anayetushonea sketi. Laoban ni bosi kwa Kichina. Huku kila mwenye cherehani mbili ni laoban, ila huyu anazo nyingi, na wasichana wa kuzikalia.

Sketi zimetoka na viuno vya wanasesere. Nikakataa kuzipokea. Baba Neema alikuwa ameshamwambia laoban ziko sawa. Akanizaba kofi pale pale, mbele ya wale wasichana. Cherehani zikanyamaza. Kisha moja ikaanza, na nyingine zikafuata.

Sketi zinarekebishwa. Kwa hiyo nilikuwa na haki.

Mdomo umepasuka kwa ndani. Nimekula wali wa baridi.

Jumatano, 11 Novemba

Jana tuliporudi Xiaobei, tulikopanga, aliendeleza chumbani. Ngumi sasa, si kofi. Jicho la kulia halifunguki vizuri.

Rukia wa Mombasa, anayekaa chumba cha pili, alinikuta kwenye ngazi.

“Mwenzangu, usiniambie ni mlango.”

“Sijakuambia kitu.”

“Basi usiniambie.” Akaingia kwake, akatoka na barafu ndani ya soksi.

Kule Moshi hakuwa hivi. Au alikuwa hivi kidogo kidogo, nami nikazoea. Hapa hana ndugu wa kumwonea haya.

Sikwenda sokoni.

Ijumaa, 13 Novemba

Laoban ametualika kwao, milimani huko kaskazini. Kaka yake ni mwindaji. Kuna kulungu dume anashuka kula viazi vitamu vyao, wanataka kumuua. Nadhani laoban anataka kutufurahisha kwa sababu ya lile kofi, ingawa si yeye aliyelipiga.

Baba Neema hakai chini kwa furaha. Amemwambia laoban kwamba nyumbani alikuwa anapiga nyati. Mwongo. Nyumbani alikuwa anauza mitumba. Bunduki hajawahi kuishika.

Mimi nimewahi, mwaka ule wa jeshi baada ya kidato cha sita. Nilikuwa mbovu wa shabaha. Afande alinihamishia jikoni, akasema huko nitaua wachache.

Jumamosi, 14 Novemba

Tumefika. Mianzi na ukungu. Baridi kama ya Machame, inaingia kwenye mifupa.

Kaka yake laoban ni mwembamba, meno yake ya mbele hayapo. Alichinja bata huku anatutazama sisi, si kisu. Damu akaikinga kwenye bakuli, akatabasamu. Bunduki zake ni magobole mawili ya kujitengenezea, ya kushindilia baruti na goroli kwa mdomoni. Laoban alisema serikali imekataza bunduki hizo, kwa hiyo tusizungumze mjini.

Wanaume walikunywa pombe ya mchele. Nikamwambia Baba Neema kwa Kichaga kwamba imetosha. Alicheka nao. Nilipotoka kumwaga maji akanifuata nyuma ya banda la nguruwe, akanikamata kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, akakipinda mpaka kikalia.

“Kesho ukinifungulia mdomo mbele za watu, nakuacha huku huku porini. Umenisikia, Mama Neema?”

“Nimekusikia.”

Nguruwe walikuwa wanatutazama.

Nimekifunga na kipande cha kanga. Kimekuwa cheusi. Natamani afe. Naandika kama lilivyo.

Jumapili, 15 Novemba

Nataka niandike leo leo.

Tulitoka kulipokucha. Kaka yake laoban mbele na mbwa wake watatu, Baba Neema na gobole moja, laoban na kamera, mimi nyuma. Niliambiwa nibaki na wanawake. Nikakataa kubaki. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kumwona akishindwa.

Mbwa walimkuta kwenye korongo chini ya shamba la viazi. Nilikuwa nategemea kitu cha ukubwa wa mbuzi. Alikuwa mkubwa kama ndama aliyekaribia kuwa ng'ombe, manyoya ya shingoni marefu, pembe zenye matawi. Akageuka kuwakabili mbwa. Wa kwanza alimrusha juu, akashuka matumbo yakiwa nje. Alikuwa bado anajaribu kubweka.

Baba Neema akapiga. Ukweli usemwe, alipata. Goroli ziliingia nyuma, kwenye paja na tumbo. Mnyama akaanguka kwa magoti ya nyuma. Kaka yake laoban akanipa gobole lake nishike, lilikuwa limeshashindiliwa, akashuka kuwavuta mbwa wake kwa kamba. Alipiga kelele neno moja mara nyingi. Laoban akatufasiria.

“Anasema ngojeni. Bado hajafa.”

Baba Neema hakungoja. Alichukua panga la kufyekea mianzi, akashuka mbio, anamwita laoban aje na kamera.

Alimkata mara moja shingoni. Panga likakwama kwenye manyoya. Mnyama akasimama.

Sijawahi kuona kitu chenye nguvu kiasi kile kikiwa kinakufa. Alimbeba Baba Neema kwa pembe kutoka pajani, akamkandamiza kwenye mianzi, akamtoa, akamkandamiza tena. Mianzi ilikuwa inapasuka. Nilidhani ni mifupa. Baba Neema alikuwa anamwita mama yake. Laoban alikaa chini kwenye matope, akajishika kichwa. Kaka yake alikuwa na kamba mkononi na mbwa wawili wanamvuta, na gobole lake ninalo mimi.

Nikaliweka begani. Zito kuliko la jeshi. Umbali ulikuwa kama kutoka mlangoni mwa kanisa hadi madhabahuni. Nililenga bega la mnyama. Nikavuta triga.

Gobole halilipuki papo hapo. Fataki inawaka kwanza, moshi unatoka, halafu kuna kitambo, halafu ndiyo linalipuka. Katika kile kitambo kila kitu kilisogea. Mnyama aliinua kichwa, na Baba Neema alikuwa juu yake kama nguo kwenye kamba. Mbele ya mtutu sikuona tena bega. Niliona uso wa mume wangu. Anatazama kwangu.

Likalipuka. Likaniangusha chali.

Nilipoinuka mnyama alikuwa amelala, miguu inapiga teke hewani. Goroli zilikuwa zimeingia chini ya sikio na kutokea juu ya jicho. Zote, isipokuwa moja. Hiyo moja ilichukua ncha ya sikio la kushoto la Baba Neema, safi kama imekatwa na mkasi.

Kaka yake laoban alipima kwa kidole. Kutoka sikio la huyu hadi sikio la yule, kiganja kimoja. Akanigeukia, akainua dole gumba. “Hao,” akasema. Yaani nzuri, kwa Kichina. Akanipaka damu ya mnyama kwenye paji la uso. Sikumzuia.

Nilimfunga Baba Neema paja kwa mkanda wake mwenyewe. Nilikaza sana. Alipiga kelele, nikakaza zaidi. Tukambeba kwenye mlango wa banda la kuku.

Mbwa aliyetumbuliwa walimmaliza kwa jiwe.

Jumatatu, 16 Novemba

Zahanati ya huko chini. Nyuzi nyingi pajani, mbavu zimevunjika. Aliyemshona alikuwa anavuta sigara. Atapona, wamesema.

Hanitazami.

Na kwa laoban wamenichemshia nyama ya kulungu na tangawizi, nile wa kwanza kwa kuwa mimi ndiye niliyeua. Ni ngumu. Nimekula mabakuli mawili.

Jumatano, 18 Novemba

Tumerudi Xiaobei. Habari ilifika kabla yetu. Laoban amemwambia kila mtu Kangle, na Kangle imeiambia Liuhua. Watu nisiowajua wananiamkia kwenye ngazi. Mkongo mmoja ananiita Madamu Bunduki.

Rukia alikuja kumtazama mgonjwa. Akatazama kidole changu, akatazama lile sikio. Akanivuta nje.

“Shabaha hiyo umejifunzia wapi?”

“Ni bahati, Rukia.”

“Bahati ya nani?”

Nikacheka mpaka nikalia.

Jioni nilichukua mkasi kubadilisha bandeji yake. Alijikunja ukutani. Mwanamume mzima. Nilifurahi. Kisha nikaona aibu kidogo. Kisha nikafurahi tena, na aibu haikurudi.

Alhamisi, 19 Novemba

Homa yake imepanda na kushuka. Nimemwosha, nimemlisha uji. Hajasema neno baya tangu Jumapili. Anasema tafadhali. Neno hilo sijalisikia kinywani mwake tangu tuchumbiane.

Sitaki kudanganyika. Akipona anaweza kusahau. Nimemwambia atarudi Moshi kwa mama yake na mimi nitabaki kumalizia mzigo. Nilikuwa nimejiandaa kugombana.

Akasema sawa.

Jumapili, 22 Novemba

Mvua nyepesi tangu alfajiri. Ndege yake ni kesho. Nimekunja mashati yake, yeye amekaa kitandani, mguu juu ya sanduku.

Akaligusa sikio lake. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza saa.

“Mama Neema. Ulikuwa unamlenga nani?”

Nilikuwa na jibu. Bega la mnyama. Nina uhakika nalo mpaka pale fataki ilipowaka. Mikono yangu ilifanya nini katika kile kitambo, nikiuona uso wake, sijui. Nimejiuliza kila siku. Sijui.

“Inua mguu,” nikamwambia, “nifunge sanduku.”

Akauinua. Nikafunga. Tulikaa tunasikiliza mvua, kila mtu upande wake wa kitanda, hakuna aliyemgusa mwenzake.